Ukungu wa Begi la Zakia

Nyumba yetu ilikuwa inanuka. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu kwetu lilikuwa neno lisilotamkwa. Ungeweza kuchelewa kurudi, ungeweza kuunguza wali wa wageni, lakini ukithubutu kusema nyumba ya marehemu Mzee Salum inanuka, Mama anakurushia chochote kilicho karibu. Mimi aliwahi kunirushia mwiko ukiwa bado umeng'ang'aniwa na ugali.

Tulikaa Kirumba, upande wa mlimani, kule ambako jiwe likiwa kubwa kuliko nyumba hakuna anayeshangaa. Baba aliijenga nyumba yetu mgongo wake ukielekea mwamba. Katikati ya ukuta na mwamba akaacha uchochoro mwembamba, unapita kwa ubavu, na chini yake akachimba mtaro. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na jiwe, yanaingia mtaroni, yanakwenda zake. Baba alipofariki, walevi wa jioni wakaugeuza ule uchochoro choo chao. Mama akapandwa na hasira, akaita vijana, wakaujaza kifusi mpaka usawa wa dirisha, wakauziba mdomo kwa matofali. Mtaa mzima ukamsifu, wakasema mama yule ni mwanaume. Na wengine nao, wenye nyumba zilizoegemea mawe, wakaiga.

Mvua za kwanza tu, ukuta wa chumba cha ndani ukaanza kutoka jasho. Baadaye vikaja vidoa vyeusi karibu na sakafu, vikapanda, vikaungana. Mama akanunua rangi ya mafuta, ile ya kung'aa iliyokuwa imejaa madukani siku hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, akapaka mara mbili. Ikapendeza kama wiki hivi. Kisha ikavimba malengelenge, na ukilibonyeza moja linakutemea maji. Akalisogeza kabati la nguo likaziba pale pabaya zaidi. Dirisha nalo akalifunga moja kwa moja, eti harufu isitoke nje watu wakaisikia. Akawa anachoma udi kila Ijumaa, halafu kila siku.

"Mama," nikamwambia, "maji yanatoka nyuma. Tufukue kile kifusi."

"Ili watu waseme nini? Kwamba niliziba kwa ujinga?"

"Basi tufungue dirisha."

"Bushra, kama hewa ya humu inakukera, mlango uko wazi. Si ulishaondoka mara moja?"

Hapo ndipo alipokuwa ananiweza. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyonishinda Geita, na mwanamke aliyerudi hana sauti kubwa kwa mama yake. Mdomo ninao, kila mtu Kirumba anajua, lakini kwenye lile neno nilikuwa naufunga. Nikachukua kikapu changu nikaenda zangu sokoni.

Sokoni nilikuwa nauza sabuni. Cheka tu. Siku moja mteja alichukua kipande cha sabuni ya kuogea, akakinusa, akakirudisha, akachukua kingine, akanusa, kisha akasogea akaninusa mimi. "Dada," akasema, "sabuni zako hazina neno. Ni wewe." Nilitamani ardhi ipasuke. Nguo zangu zote zilikuwa zinatoka kabati lile lile, na hata nizifue vipi, zikilala humo usiku mmoja zinarudi na harufu yao.

Basi, ndani ya nyumba hiyo ndimo lilimokaa begi la Zakia.

Zakia alikuwa mchumba wa mdogo wangu Nurudin. Nurudin alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, kijana mpole, hana makuu, na alimpenda yule binti wa Nansio, kisiwani, mpaka akawa hawezi kula vizuri. Kila alipopata chochote alinunua kitu cha begi: leo khanga, kesho viatu, mwezi mwingine mkoba wa ngozi. Cha mwisho kilikuwa gauni jeupe la satini lililotoka Dubai, na hilo Mama alilitangaza mpaka Mwaloni kwa wauza dagaa. Alilitangaza kwa maneno tu. Kulionyesha, ng'o. Nguo za bi harusi hazionwi na mtu mpaka siku begi linapofunguliwa mbele ya wanawake wa kwao. Ndivyo tulivyolelewa. Hasidi ana macho, akiziona kabla ya siku yake anaziharibia baraka. Kwa hiyo Mama alivifunga vitu vyote kwenye nailoni, akatia begini, akalifunga kufuli, akalisukuma chini ya kitanda cha chumba cha ndani, likagusa ukuta. Ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi mweusi.

Harusi ilikuwa ifungwe kabla ya Ramadhani. Mjomba wa Zakia akafariki, ikasogezwa. Na mwaka ule ndio ulikuwa mwaka wa mvua za Elinino. Sijui niseme nini. Ziwa lilipanda likaingia kwenye vibanda vya watu, na kwetu mlimani mawe yalikuwa yanatiririka hata siku zisizo na mvua. Nikamwomba Mama begi litolewe japo siku moja lipigwe jua.

"Nguo za bi harusi zianikwe juani kama mitumba?" akaniuliza. "Nani alikufundisha hayo, Geita?"

Mvua zilipokwisha, tarehe ikapangwa. Siku mbili kabla ya safari Mama alijifungia chumba cha ndani peke yake, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Moshi wa udi," akasema, nami sikuuliza. Jioni hiyo akaenda dukani akarudi na doti ya khanga mpya na kitenge kimoja, na chupa ya manukato. Chupa hiyo sikuiona tena.

Tukapanda meli ya Nansio asubuhi, wanawake wa mtaani kwetu na ndugu wachache. Jirani yetu Wilhelmina ndiye aliyekuwa mkuu wa vigelegele. Yeye Mkristo, lakini harusi ya Kirumba bila Wilhelmina ni msiba. Njia nzima alikuwa anawasimulia abiria habari za gauni jeupe la Dubai ambalo hajawahi kuliona. Mama alikaa na begi mapajani, mikono miwili juu yake.

Nansio walitupokea vizuri mno. Walitandika mikeka sebule nzima, wakatupa maji ya kunywa, wakatuimbia. Zakia alikuwa chumbani nyuma ya pazia na wenzake. Mbele yetu, kwenye kiti pekee kilichokuwamo, alikaa bibi yake, Bibi Kashindye, Msukuma aliyeolewa kisiwani zamani, mama mwembamba mwenye mikono iliyokakamaa kwa kuanika dagaa. Nikapiga magoti, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Wewe ndiye wifi?"

"Ndimi."

"Haya, kazi ni yako. Fungua tufurahi."

Kwa kawaida yetu wifi ndiye anayefungua. Anatoa kitu kimoja kimoja, anakiinua juu, anakitaja jina, wanawake wanapiga vigelegele. Mama akaukata uzi, akanipa ufunguo.

Nikafungua. Manukato yakatoka kwa nguvu mpaka mtoto mmoja akapiga chafya, watu wakacheka. "Huyo bwana harusi anamwaga!" Wilhelmina akasema. Lakini mimi pua yangu ilikuwa imelelewa katika ile nyumba. Chini ya manukato nikaisikia. Nikajua. Kabla sijagusa kitu, nikajua.

Juu kulikuwa na ile doti mpya. Nikaiinua, vigelegele. Kitenge, vigelegele. Kilichofuata ulikuwa mkoba wa ngozi, na mkoba ulikuwa umeota manyoya meupe. Niliufuta kwenye paja langu chini ya khanga, nikauinua haraka, nikaushusha haraka. Viatu nikavionyesha upande wa soli tu. Khanga za chini nikaziinua zikiwa zimekunjwa, sikuzikunjua, maana nailoni ilikuwa imefungia jasho humo ndani na mikunjo ilikuwa imeshikana. Vigelegele vikaanza kupungua. Wanawake si wajinga. Mama alikuwa anatazama mkeka.

"Gauni jeupe liko wapi?" msichana mmoja akauliza kutoka nyuma. "Si mlisema kuna gauni la Dubai?"

"Lipo, lipo," nikasema. "Tutaliacha la mwisho."

"Hilo ndilo la mwisho, wifi, begi limekwisha."

Nikaliinua likiwa limekunjwa. "Likunjue!" wakasema wote, na Wilhelmina wetu, Mungu amsamehe, akasema kwa sauti kuliko wote. Akalishika pindo akalivuta. Gauni likafunguka.

Lilikuwa na madoa meusi kuanzia kifuani mpaka chini, na ubavuni kijani kibichi. Harufu ikaingia sebuleni pale, harufu ya nyumbani kwetu, mbele ya wakwe. Nilikuwa nimesimama nimelishika gauni juu, sina akili hata ya kulishusha.

"Lete nione," akasema Bibi Kashindye.

Akalipokea, akalinusa, akalipuliza. Vumbi lake likaruka kwenye mwanga wa dirisha. "Huu ni ukungu," akasema.

"Ni maji ya meli, bibi," Mama akadakia. "Wimbi lilirukia ndani, tukalowa wote."

"Meli ya leo asubuhi?"

"Ya leo."

"Mwanangu, mimi nimekulia kwenye dagaa. Kitu kikilowa asubuhi, mchana kinanuka maji. Hakioti manyoya."

Nilimwona Mama anatafuta pa kushika, na hapo hapo nikajua atanishika mimi, sijui nilijuaje. "Basi mwulizeni Bushra," akasema. "Yeye ndiye aliyelitunza."

Macho yote yakanigeukia. Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo wangu huu wote, na maneno yalikuwapo, yamejipanga. Kisha nikamwona Mama ananitazama. Sijawahi kuona mtu anaomba vile bila kusema neno. Nikisema kweli, nitakuwa nimemwita mama yangu mwongo mbele ya wakwe. Na wakishajua nyumba yetu ilivyo, Nurudin atampata wapi tena Zakia? Ndugu yupi atasamehe hilo?

"Ni kweli, binti?" Bibi Kashindye akaniuliza.

"Ni kweli."

"Ulikuwa na nini hata ukaacha nguo za mwenzio zioze?"

"Sijui, bibi."

Lile "sijui" ndilo lililonimaliza. Angalau ningesema nilisahau. Mwanamke aliyeachika, hana mtoto, amerudi kwao, kapewa begi la bi harusi atunze, likaoza, na akiulizwa kwa nini anasema hajui. Nikasikia minong'ono nyuma yangu. Mtalaka huyo. Kijicho hicho. Mwingine akalitaja neno lenyewe, husda, na mama mmoja akamvuta mtoto wake aliyekuwa amekaa karibu na mguu wangu. Huyo mtoto ndiye aliyeniumiza. Nilikuwa na miaka inayonitosha kuvumilia maneno ya watu, lakini mtoto kuvutwa asiniguse, hapana. Nikakaa chini nikajifunika khanga mpaka usoni.

Wazee wa kike wa pale wakaingia chumbani wakateta. Walipotoka, Bibi Kashindye akasema, "Nguo ni nguo, zitanunuliwa nyingine. Nurudin hatuna ugomvi naye, na mjukuu wetu anamtaka. Ila roho haifuliwi. Zakia hawezi kukaa nyumba moja na huyu wifi. Ataolewa, lakini huyu asiwepo."

Nikainua khanga kidogo nimtazame Mama. Nilidhani sasa. Sasa atasema.

"Sawa," Mama akasema. "Ataondoka."

Nimepewa talaka kwa barua, nimewahi kufukuzwa na mama mkwe mvua inanyesha, lakini sijawahi kusikia neno lililonipiga kama lile. Alilisema upesi, kama mtu anayelipia kitu kabla muuzaji hajabadili bei. Watu wakashusha pumzi. Mazungumzo yakaanza tena, chakula kikaletwa.

Kikaja pilau, masinia manne, watu wakagawana wakakaa kuzunguka. Mimi sinia liliwekwa mbele yangu kwa sababu nilikuwa pale pale kwenye mkeka. Wanawake waliokuwa upande wangu wakasogea kwa wenzao. Hawakusema neno, walijisogeza tu kwa makalio, mmoja mmoja, wakabanana kwenye masinia mengine, magoti juu ya magoti. Hata watu wetu wa Kirumba. Hata Wilhelmina. Nikabaki na sinia zima la watu saba mbele yangu, nyama juu, na peke yangu.

Niliona aibu ambayo sina pa kuipeleka. Kama ningekuwa nimefanya, ningejua naona aibu ya nini. Nilikuwa nimeshanawa, mikono inadondosha maji, na sikujua kama nile au niifute.

Mama akaja. Sikumwona anaamka, nikaona tu miguu yake na khanga yake, akakaa upande wa pili wa sinia. Akachota, akafinyanga tonge, akalipeleka mdomoni. Halikwenda. Akalirudisha kwenye sinia. Akajaribu tena, likamshinda tena. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanaanguka kwenye wali, wala hayafuti.

"Kula, Bushra," akaniambia.

"Kula wewe," nikamjibu. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuligeuza lile sinia.

Basi akasimama. "Jamani," akasema, na sauti haikutoka, akasema tena. "Jamani, msimkimbie mwanangu. Hakuligusa begi. Ufunguo nilikuwa nao mimi, mmeniona hapa nikiukata shingoni. Nyumba yangu ina ukungu. Ukuta unalia maji tangu nilipouziba mtaro wa marehemu kwa kifusi, na huyu aliniambia, kila siku aliniambia, nikamtukana. Begi niliweka mimi. Juzi nikalifungua nikaona. Nikamwagia manukato."

"La kuvunda halina ubani," akasema mama mmoja kwa sauti ndogo.

"Halina," Mama akakubali.

Bibi Kashindye alikuwa ameuacha mkono wake kwenye sinia. "Ngoja nikuelewe," akasema. "Ulikuwa tayari kumtoa binti yako nyumbani, umwite mchawi, ili mimi nisijue ukuta wako umelowa?"

Mama hakujitetea. Ningependa kusema alijitetea. "Ndiyo, bibi," akasema. "Niliona aibu."

"Na mjukuu wangu umemwandalia chumba kipi?"

Mama akanitazama mimi nimsaidie, na mimi, Mungu anisamehe, nikatazama pembeni. Alijibu mwenyewe.

"Hicho hicho."

Nyuma ya pazia Zakia akaanza kulia, wenzake wakimbembeleza. Bibi Kashindye akanawa mkono ule ambao haujala kitu. Akasema harusi haivunjiki ila haifungwi. Ukuta ukikauka aitwe, atapanda meli mwenyewe aje aweke mgongo wake pale, maana mgongo wake unajua unyevu kuliko macho. Kisha akaniita, akanishika kichwa, akaniomba radhi mbele ya wote. Nikaitika. Lakini si yeye niliyekuwa namngoja aniombe radhi.

Kwenye meli ya kurudi tulikaa mbalimbali, Mama na mimi.

Nilidhani yameisha. Nilisahau ninakaa na binadamu. Siku ya pili yake sokoni, mwanamke aliyekuwa akinunua kwangu kila wiki akapita bila kusimama. Mwingine akanunua akaniambia, "Mama yako ana moyo. Kujitwisha aibu yote ile ili akufiche wewe!" Nikamwambia hakunificha, alisema kweli. Akanipigapiga bega. "Mama gani hatamfichia mwanawe?" Ndivyo walivyoipokea Kirumba nzima. Wilhelmina alikuwa amesimulia vizuri tu kila kitu kilivyotokea, ila hakuna aliyetaka kuamini kwamba mama mzima angemsingizia mwanawe. Kumwamini mtalaka kuwa na husda kulikuwa rahisi zaidi.

Nikarudi nyumbani nikamkuta Mama anapepeta mchele. Nikamwaga kikapu cha sabuni pale pale miguuni pake. "Nahama," nikamwambia. "Ulisema nitaondoka, basi naondoka. Lakini ujue naondoka nikiwa mchawi." Nikamwambia yote yaliyosemwa sokoni. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo mkononi.

Asubuhi nilipoamka kufunga vitu vyangu, kabati halikuwapo. Lilikuwa nje, juu ya jiwe kubwa lililo mbele ya nyumba, milango wazi, mgongo wake mweusi umegeuziwa njia. Nurudin na wenzake wa kiwandani walikuwa wanatoa kitanda. Godoro lilikuwa limeshatandazwa juani na doa lake lote. Nguo zetu, mapazia, mikeka, mpaka nguo za ndani za Mama, zimetapakaa juu ya mawe. Dirisha la chumba cha ndani liko wazi. Uani matofali yalikuwa yamevunjwa, na Mama mwenyewe yumo uchochoroni, kajifunga khanga kiunoni, anachimba kifusi kwa jembe la marehemu, tope mpaka magotini.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Si uliniambia tufukue?"

Njia ya mlimani inapita mlangoni kwetu, na saa zile watu walikuwa wanashuka kwenda kazini. Wa kwanza akasimama akauliza, "Mama Nurudin, mnahama?"

Mama akatoka uchochoroni, jembe mkononi. "Hatuhami. Nyumba yangu inanuka, naianika. Begi la Zakia lilioza humu ndani, nikamsingizia Bushra. Ingia uone ukuta."

"Aa, mama, mimi nawahi."

"Ingia. Dakika moja."

Akamwingiza. Nilisikia ukucha unakwaruza rangi ya mafuta na sauti ya Mama, "Bonyeza hapa. Bonyeza. Umeona maji? Haya, nusa." Yule mtu akatoka anajifuta mkono kwenye suruali, hajui aangalie wapi. Akaja wa pili. Mama akamwita. Akaja mwalimu, akaja muuza maziwa na baiskeli yake, baiskeli ikaegemezwa kwenye kabati, naye akaingizwa. Kila mmoja aliambiwa maneno yale yale, neno kwa neno, na mwishoni Mama alinionyesha kidole: "Huyu ndiye niliyemsingizia." Kila mmoja alinitazama, na kila alipotazama nilikosa pa kuficha uso. Nimesema nina mdomo. Siku ile sikuwa nao.

Nikaenda kuchukua sepeto nikaingia uchochoroni, angalau kule mtu hanioni. Tukachimba pamoja. Kifusi kilikuwa kinanuka zaidi ya nyumba. Karibu na adhuhuri tukaufikia mtaro wa Baba, na maji yaliyokuwa yamesimama humo yakaanza kwenda, polepole, yanasukuma majani. Nurudin ndani alikuwa anakwangua rangi na lipu mpaka tofali zionekane zipate hewa. Chokaa ingepakwa baadaye, zikishakauka. Mama hakuwa ameketi tangu alfajiri, wala hakuwa amekula.

Nikasikia viatu njiani. Mama akatupa jembe akapanda tena, anahema, akashika ukuta asianguke.

"Haya," nilimsikia anaanza. "Nyumba yangu inanuka..."

Nikashindwa. Nikapanda nikamshika mkono. "Mama, basi. Imetosha. Wote wamesikia. Kaa chini."

Akautoa mkono wake. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi, na machozi yalikuwa yamejichimbia njia humo.

"Haijatosha," akasema. "Balozi wa nyumba kumi hajapita."